Goti la Mpagazi

Wasikilizaji, habari za njia ya kale ya Tabora husimuliwa mara nyingi kwa hesabu ya pembe, nguo na shanga. Leo nataka tuitazame njia hiyo kutoka chini, yaani kwenye goti la mtu aliyechukua mzigo.

Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni maili 500 hivi. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi aliikata njia hiyo na frasila mbili begani, ndizo ratili 70, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula. Kwao, kijana asiyefika pwani alihesabiwa kuwa mtoto bado. Kwa hiyo wengi walianza kuchukua mizigo mifupa yao ingali michanga.

Sasa fikirini goti lenyewe. Ncha za mifupa inayokutana pale zimevikwa gegedu, ndiyo nyama ngumu na telezi, unene wake milimita chache tu. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, ambao hukamuliwa na kunyonywa tena kila tukanyagapo, mithili ya sifongo majini. Basi kutembea si adui wa goti. Adui ni kupotoka chini ya mzigo: katika mteremko wa milima ya Usagara mwili wageuka pamoja na mzigo, na unyayo umenasa palepale baina ya mawe. Hapo hukatika kano zinazopishana ndani ya goti, au hupasuka vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kukanda na kufunga kwaweza kuushusha uvimbe, lakini kano ya ndani iliyokatika ni nadra kuunga yenyewe, na goti lililolegea husaga gegedu lake mwaka baada ya mwaka.

William Hunter alikwisha kueleza huko London mwaka 1743 ya kuwa gegedu likiharibika halirudi. Mwaka 1895 Mayo Robson wa Leeds alizishona kano za goti la mchimbaji wa migodini. Na mwaka huo wapagazi walikuwa wangali wakipita Tabora, kwa maana reli haikufika huko mpaka 1912. Siku hizi kano mpya hutengenezwa kwa kano ya mguu wa mgonjwa mwenyewe. Gegedu ni gumu zaidi: mwaka 1994 tu ndipo madaktari wa Uswidi walipotangaza kuotesha chembe za gegedu la mgonjwa na kumrudishia gotini.

Kiungo kimoja kilichopita Tabora kilipata daktari wake. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo. Walipofika Tabora mwezi wa Oktoba, Cameron aliwashauri wauzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea hata Bagamoyo, mwendo wa maili zaidi ya 1,000 kwa jumla. Huko London, Aprili 1874, Sir William Fergusson aliupapasa mkono wa kushoto, akaukuta ule mfupa uliovunjwa na simba mwaka 1844, haukuunga, umefanya kiungo cha uongo. Kwa alama hiyo maiti ikatambuliwa. Shauri la siku ile lilikuwa la mkono wa bwana. Magoti ya waliomchukua hayakuwamo.