Umefunga bomba jipya la moshi kwenye Banshee? Usipige resi kabla hujabadili jeti

Yamaha Banshee ni kwadi, yaani pikipiki ya matairi manne, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1987 hadi 2006. Huko haiuzwi tena ikiwa mpya, lakini kwenye matuta ya mchanga ya Glamis, kusini mwa California, bado unaisikia kabla hujaiona. Na jambo la kwanza ambalo wamiliki wengi hufanya wakishaipata ni kung'oa mabomba ya moshi ya kiwandani na kufunga mengine yenye nguvu zaidi.

Hapo ndipo injini nyingi zinapofia. Mtu anabadili mabomba, anaacha kabureta kama zilivyotoka kiwandani, kisha anaenda kujaribu. Kwa dakika chache kwadi inakuwa kali kuliko ilivyowahi kuwa. Halafu pistoni inanoki, matairi ya nyuma yanagoma kuzunguka, na kama ulikuwa kasi kwenye mteremko, injini inakuwa tatizo lako dogo.

Iko hivi.

Bomba linalofanya kazi ya injini

Banshee ina injini ya mapigo mawili, ile mafundi wanayoiita tu-stroki, ya cc 347. Ina silinda mbili, na kila silinda ina kabureta yake na bomba lake la moshi.

Injini ya tu-stroki haina valvu za kufungua na kufunga kama injini ya pikipiki nyingi za bodaboda. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafunika na kuyafunua ikipanda na kushuka. Matokeo yake kuna muda mfupi ambapo tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya yote yako wazi. Bila msaada, sehemu ya petroli mpya ingetoka na moshi na kupotea.

Msaada huo ndio bomba. Ukilitazama bomba la tu-stroki utaona limevimba katikati kama mamba aliyemeza mbuzi. Lile tumbo halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Moshi unapotoka kwa nguvu unasafiri kama wimbi. Wimbi likifika bomba linapotanuka, linarudisha mvuto nyuma: mvuto huo unanyonya moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya uingie. Likifika bomba linapobana tena, linarudisha msukumo: msukumo huo unasukuma ile petroli iliyotaka kutoroka irudi ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Yote haya yanatokea maelfu ya mara kwa dakika.

Aliyelifanyia kazi wazo hili hadi likatisha ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ cha Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Siri yake haikukaa. Mwaka 1961 dereva wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mbio za Sweden, akajiunga na Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa cc 50 Degner akiwa juu ya usukani. Kila bomba la tu-stroki lenye tumbo unaloliona leo, pamoja na hayo ya Banshee, lina deni kwa Kaaden.

Sasa angalia kinachotokea ukifunga bomba linalofanya kazi hiyo vizuri kuliko la kiwandani. Injini inavuta hewa nyingi zaidi. Lakini kitundu kinachotoa petroli ndani ya kabureta, yaani jeti, ni kilekile. Hewa imeongezeka kuliko petroli, na mchanganyiko umekuwa hafifu.

Kwenye tu-stroki mchanganyiko hafifu ni hatari maradufu, kwa sababu oili ya kulainisha inachanganywa ndani ya petroli. Petroli ikipungua, moto unakuwa mkali na oili inapungua hapohapo. Pistoni inatanuka kwa joto, inakwaruza ukuta wa silinda, inashika. Au inatoboka katikati.

Uchague bomba gani?

Kila bomba lina mzunguko wake wa injini ambapo mawimbi yanarudi kwa wakati. Nje ya hapo halisaidii, na linaweza hata kuharibu. Ndiyo maana bomba la mtu wa mbio za mstari mnyoofu linaweza kukuchosha ukiwa porini kwenye njia nyembamba: chini halina kitu, juu linalipuka.

Kwenye Banshee majina yanayotajwa sana ni Fatty ya FMF na T5 ya Toomey. Kama unaendesha kila mahali, chukua bomba la nguvu za chini na kati. Hilo ni maoni yangu, na najua wapenda mbio watabisha.

Kufunga

Kazi yenyewe si ngumu. Injini iwe imepoa. Fungua mabomba ya zamani, safisha mdomo wa silinda, weka gasketi mpya. Mabomba mengi ya kununua hushikwa kwa springi kwenye mdomo huo, na nyuma yanafungwa kwenye fremu kupitia mipira.

Cha kuzingatia ni kimoja: bomba likae lenyewe kwanza. Weka vyote vikiwa vimelegea, hakikisha hakuna panapolazimishwa wala panapogusa fremu, ndipo ukaze. Bomba lililokazwa likiwa limepinda litapasuka kwenye maungio, maana tu-stroki inatetemeka kwelikweli.

Usiwashe bado.

Kabureta: hapa ndipo pesa yako inapookolewa

Banshee ilitoka kiwandani na kabureta mbili za Mikuni za milimita 26, jeti kuu namba 200 na jeti ndogo namba 25. Namba ikiwa kubwa, tundu ni kubwa na petroli ni nyingi.

Kabureta haifanyi kazi yote kwa sehemu moja. Ukiwa umegusa resi kidogo, hadi robo, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazotawala. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano. Ukibana resi mpaka mwisho, jeti kuu inachukua usukani. Hii ina maana kwamba kwadi inaweza kwenda vizuri mtaani huku ikiwa inajiua kwenye resi kamili. Ndiyo maana "mbona mimi natembea tu na haijafa" si ushahidi.

Ni jeti namba ngapi sasa? Atakayekupa namba moja bila kuuliza una filta gani, uko wapi na unatumia mafuta gani, anabahatisha. Si ajabu kwa Banshee yenye mabomba mapya na filta iliyo wazi, bila kifuniko cha boksi la hewa, kuhitaji jeti ya kati ya 260 na 300. Ukibakiza kifuniko, inashuka. Kanuni haibadiki: anza na kubwa kuliko unavyodhani, kisha shuka hatua kwa hatua. Jeti kubwa kupita kiasi itakupa moshi, plagi iliyolowa na injini nzito. Jeti ndogo itakupa bili ya silinda.

Funga petroli, toa kabureta, fungua bakuli la chini, jeti kuu iko katikati. Tumia kifaa kinachoingia sawasawa, kwa sababu jeti ni shaba laini na bisibisi mbovu inaiharibu mara moja. Usitoboe jeti ya zamani kwa waya au drili ili kuipanua. Nunua yenye namba. Na zote mbili ziwe sawa, kulia na kushoto.

Ukihitaji petroli zaidi katikati, shusha klipu ya sindano ngazi moja; sindano itapanda na kuachia petroli zaidi. Skrubu ya hewa, ukiifungua unaongeza hewa, ukiifunga unaongeza petroli.

Kuna mtego mwingine unaosahaulika kwa sababu kabureta ni mbili. Slaidi zake lazima zinyanyuke pamoja. Moja ikichelewa, silinda zinafanya kazi bila kulingana, na unaweza kubadili jeti siku nzima bila kupata ukweli. Rekebisha waya mpaka ukibana resi taratibu zote zianze safari kwa wakati mmoja.

Juu ya kabureta za kiwandani pia kuna visanduku vya mfumo wa usalama unaobana injini kama resi imekwama. Wengi huviondoa. Ukiviondoa, basi funga swichi ya kamba inayozima injini ukidondoka. Resi iliyokwama kwenye mchanga haina mjadala.

Plagi ndiyo shahidi

Plagi ya kiwandani ni NGK B8ES. Weka mpya, mbili. Pasha injini moto vizuri, tafuta sehemu iliyonyooka na salama, nenda resi kamili kwa umbali unaotosha, kisha kwa mkupuo mmoja zima swichi na bana klachi. Usiiache ingurume bila kazi, utafuta ushahidi. Toa plagi, tazama chini kabisa kwenye mzizi wa kauri nyeupe. Kahawia kama kahawa ya maziwa ni nzuri. Nyeusi na iliyolowa, punguza jeti. Nyeupe kabisa, ongeza jeti kabla hujasogea hata mita moja. Ukiona vidoti vya kung'aa kama fedha, hiyo ni pistoni yako inayeyuka.

Masikio nayo yanasaidia. Injini yenye petroli nyingi inakoroma na kukohoa kwenye resi kubwa. Yenye petroli kidogo inalia kavu, na ukiachia resi inachelewa kushuka, kama haitaki kutii. Ikianza kugonga kama kokoto ndani ya kopo, zima.

Kama umeongeza jeti mara mbili tatu na plagi bado nyeupe, acha jeti. Tafuta panapovuja hewa: mipira inayounganisha kabureta na injini ikipasuka inaingiza hewa ambayo kabureta haijui. Sili za kranki zikizeeka zinafanya vivyo hivyo. Mafundi wa Banshee huziba matundu ya kuingiza na kutoa, hujaza injini upepo wa psi 6, na hutaka ukae dakika 6 bila kushuka. Kipimo hicho ni bora kifanyike kabla ya kununua mabomba.

Usibadilishe kiasi cha oili katikati ya zoezi. Ukitoka lita 1 kwa 32 ukaenda lita 1 kwa 20 ukidhani unailinda injini, umepunguza petroli inayopita kwenye jeti ileile. Mchanganyiko umekuwa hafifu zaidi.

Ukihama, jeti nayo inahama

Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni zaidi, inataka petroli zaidi. Jangwani, mchana na alfajiri ni kama nchi mbili tofauti: jeti iliyokaa sawa saa nane mchana inaweza kuwa ndogo saa kumi na mbili asubuhi.

Mwinuko nao ni hivyohivyo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Mashine ya kabureta iliyosetiwa Nairobi ikishushwa Mombasa inakutana na hewa nzito, na jeti iliyokuwa sahihi inakuwa ndogo. Kupanda mlima kunakupa moshi. Kushuka ndiko kunakoua.

Kelele

California inazuia kelele kupita desibeli 96 kwa vyombo vya porini vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 1986, na kwenye misitu ya serikali ya Marekani unatakiwa kuwa na kizuia cheche. Mabomba mengi ya mbio hayaji nacho, hivyo uliza kabla ya kulipa. Sufi ya kioo ndani ya sailensa nayo inalowa oili baada ya muda. Ikishalowa, sauti inakuwa kubwa na chafu, na dawa yake ni kufungua sailensa na kubadili sufi.