Kifyonzavumbi cha betri

Kifyonzavumbi cha betri (pia: kifyonzavumbi kisicho na waya; katika maongezi: vakyumu ya betri) ni mashine ya kusafishia nyumba inayovuta vumbi pamoja na hewa kwa nguvu ya mota inayoendeshwa na betri ya kuchajiwa. Aina inayojulikana zaidi ina umbo la fimbo: mota, betri na kikombe cha vumbi viko juu karibu na mkono wa mtumiaji, na bomba refu linashuka hadi kwenye kichwa chenye brashi kinachopita sakafuni. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 2 hadi 3.

Tofauti na kifyonzavumbi cha waya, hiki hakihitaji umeme wakati wa kusafisha bali wakati wa kuchaji tu. Kwa hiyo kinaweza kutumika hata mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mradi upatikane kwa saa chache kwa siku. Wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, zinaonyesha vizuri faida na mipaka ya mashine hii: umeme wa gridi ya taifa ulichelewa kufika huko, sakafu za nyumba ni za aina mbalimbali, na ardhi ya Ngara ina nikeli, metali inayotumika katika betri nyingi za aina hii.

Jinsi kinavyofanya kazi

Mota huzungusha feni kwa kasi kubwa, mara nyingi zaidi ya mizunguko 50,000 kwa dakika. Hewa inasukumwa nje, kanieneo ndani ya bomba inashuka, na hewa ya sakafuni inaingia ikiwa na vumbi. Katika mashine nyingi hewa hiyo huzungushwa kwanza ndani ya kikombe kama kimbunga kidogo ili taka nzito zirushwe pembeni na kuanguka. Vumbi jepesi linalobaki hukamatwa na chujio. Machujio bora ya daraja la HEPA H13 huzuia angalau 99.95% ya chembe, hata zile ndogo ambazo ni ngumu zaidi kuzikamata.

Nguvu ya kuvuta hutegemea pia hewa yenyewe. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban 15% kuliko pwani, na feni inayozunguka kwa kasi ileile huvuta kwa nguvu ndogo kidogo. Katika vilima vya Ngara tofauti hiyo ipo, ingawa chujio lililoziba hupunguza nguvu kuliko mwinuko wowote.

Betri ya kawaida huundwa na seli saba za ioni za lithi zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja hutoa volti 3.6, hivyo saba hutoa volti 25.2. Zikiwa na ujazo wa ampea-saa 2.5, nishati yote ni takriban wati-saa 63. Hapo ndipo siri ya matangazo ilipo. Mashine inayotumia wati 100 katika hali ya kawaida itafanya kazi kwa zaidi ya nusu saa, lakini ikiwekwa katika hali ya nguvu ya juu ya wati 500 betri itaisha baada ya dakika saba au nane. Muda mrefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa hali ya chini, na nguvu kubwa inayoandikwa pembeni yake ni ya hali ya juu. Havipatikani kwa pamoja.

Historia

Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alisajili hataza ya mashine ya kufyonza vumbi iliyokuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi barabarani, huku mabomba yakipitishwa madirishani. Mashine ya kubebwa na mtu mmoja ilitokana na kazi ya James Murray Spangler, mfagiaji wa duka huko Canton, Ohio, Marekani. Spangler alikuwa na pumu, na vumbi la mazulia aliyosafisha lilimzidishia ugonjwa. Alitengeneza kifaa chake kwa feni, mfuko wa mto na mpini wa ufagio, akapata hataza mwaka 1908. Haki zake zilinunuliwa na familia ya Hoover, ambayo jina lake baadaye likawa neno la kawaida la Kiingereza kwa mashine yenyewe.

Kifyonzavumbi kidogo cha betri kilienea kuanzia mwaka 1979, kampuni ya Black & Decker ilipotoa Dustbuster. Betri zake za nikeli na kadimi ziliweza kuokota makombo ya mezani, si kusafisha nyumba nzima. Mabadiliko yaliletwa na betri ya ioni za lithi, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Waliochangia kuigundua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Vifyonzavumbi vya umbo la fimbo vyenye betri hizo vilipata soko kubwa katika miaka ya 2010.

Umeme katika Ngara na Biharamulo

Kwa muda mrefu wilaya hizi mbili zilikuwa nje ya gridi ya taifa. Miji ya Ngara na Biharamulo ilipata umeme kutoka kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, yakiwemo yaliyofungwa kwa msaada wa Uholanzi, huku mafuta yakisafirishwa kwa malori. Hali ilibadilika baada ya ujenzi wa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Geita hadi Nyakanazi, iliyoko Wilaya ya Biharamulo, na nyingine kutoka Nyakanazi hadi Rusumo. Kwenye maporomoko ya Rusumo, mahali Mto Kagera unapotenganisha Ngara na Rwanda, kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa. Mitambo yake mitatu iliwashwa kati ya miaka 2023 na 2024.

Kwa nyumba iliyounganishwa, gharama ya kuchaji ni ndogo sana. Ukihesabu upotevu wa chaja, kujaza betri ya wati-saa 63 huchukua takriban uniti 0.08. Bei ya msingi kwa wateja wadogo wa majumbani (daraja D1), iliyopangwa mwaka 2016, ni shilingi 100 kwa uniti bila kodi na tozo, kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kuchaji mara moja ni kama shilingi 8. Kuchaji kila siku kwa mwezi mzima ni uniti 2.4. Mwenye nyumba hana haja ya kuogopa kwamba mashine itamla LUKU. Kinachogharimu ni kuinunua, na baadaye kubadilisha betri.

Nyumba zisizo na gridi zina tatizo jingine. Mfumo mdogo wa sola wa volti 12 uliokusudiwa taa, simu na redio hauna soketi ya volti 230 ambayo chaja ya mashine hii inahitaji. Inabidi kuwa na inveta na betri ya akiba ya kutosha, la sivyo familia itachagua kati ya zulia safi na taa ya usiku.

Sakafu na vumbi

Swali la kwanza kwa mnunuzi si nguvu ya mashine bali aina ya sakafu. Kwenye vigae, na kwenye saruji iliyopigwa niru ikawa laini, kifyonzavumbi hufanya kazi vizuri. Sakafu ya saruji isiyopigwa niru ni tofauti: hubanduka yenyewe kidogo kidogo na kutoa unga kila inapokanyagwa, hivyo kikombe hujaa kila siku bila sakafu kwisha vumbi. Fedha za mashine zingetumika vyema zaidi kumlipa fundi apige niru kwanza.

Kwenye sakafu ya udongo, ambayo bado ipo katika nyumba nyingi za vijijini, mashine haifai kabisa. Haina pa kuishia, kwa kuwa inafyonza sakafu yenyewe. Hapo pia ndipo hatari za afya zinapokuwa kubwa. Papasi (Ornithodoros moubata), kupe laini aenezaye homa ya papasi, hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Funza (Tunga penetrans), aliyeletwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872 na kuvuka bara hadi Afrika ya Mashariki kabla ya karne hiyo kwisha, hukua katika vumbi kavu la sakafuni na uani. Kinachowaondolea makazi hao wawili ni sakafu ngumu isiyo na nyufa. Kifyonzavumbi hakichukui nafasi yake.

Ufagio wa majani una faida zake: hauhitaji umeme, hupatikana kijijini, na huokota taka kubwa haraka. Udhaifu wake ni vumbi laini. Taka nzito husukumwa mlangoni, lakini chembe ndogo kuliko maikromita 10 hupaa, hubaki hewani kwa muda mrefu na kuingia katika njia ya hewa ya anayefagia, ambaye kwa kawaida ni mama au msichana wa nyumbani. Desturi ya kunyunyiza maji kabla ya kufagia hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Nayo inahitaji maji, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi linapozidi, ndipo safari ya kuyafuata kwa dumu la lita 20 inapokuwa ndefu. Kifyonzavumbi huondoa vumbi bila maji, lakini hakiondoi madoa wala matope. Kupiga deki kunabaki palepale, ingawa ndoo moja yaweza kutosha mahali palipohitaji mbili.

Faida iliyo wazi zaidi iko juu ya sakafu: makochi, mazulia, mapazia na magodoro. Huko ufagio hausaidii, na huko ndiko utitiri wa vumbi, unaochochea pumu kwa baadhi ya watu, hukaa. Kifyonzavumbi kinaweza pia kuvuta kunguni walio kwenye mishono ya godoro na viungo vya kitanda, ila mayai yaliyogandamana hubaki, kwa hiyo kazi hurudiwa. Taka zake hufungwa ndani ya mfuko na kutolewa nje mara moja.

Matunzo

Vumbi la udongo ni laini kuliko nyuzi za mazulia ambazo mashine nyingi zilibuniwa kuzivuta, na huziba chujio mapema. Chujio hukung'utwa nje ya nyumba, upande ambao upepo hauurudishi mlangoni. Likiwa la kuoshwa, huoshwa kwa maji bila sabuni na kuachwa likauke kwa angalau saa 24. Wakati wa mvua za vuli na masika muda huo haitoshi. Chujio lenye unyevu huota ukungu, hunuka na kupeleka maji kwenye mota. Kuwa na machujio mawili ya kubadilishana huondoa usumbufu huu.

Majivu ya jikoni hayafyonzwi. Kaa dogo lisiloonekana linaweza kuwaka ndani ya kikombe kwa sababu hewa inayopita hulipuliza kama mvukuto, na majivu baridi nayo huziba chujio kwa dakika chache. Unga uliomwagika na maji hayafyonzwi vilevile, isipokuwa kwa mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maji.

Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo huangaliwa chaja kwanza. Iliyoandikwa volti 100–240 hutumika Tanzania bila shida. Iliyoandikwa volti 120 peke yake itaungua. Katika safari ya ndege, betri ya akiba hubebwa mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege. Inafaa pia kujua mapema kama betri na chujio la modeli hiyo vinauzwa nchini, kwani mashine nzima hugeuka pambo kwa kukosa kipande kimoja.

Betri na nikeli ya Kabanga

Seli za ioni za lithi zenye nguvu kubwa kwa uzito mdogo mara nyingi huwa na nikeli, pamoja na kobalti na ama manganisi ama alumini. Akiba kubwa ya nikeli iko Kabanga, Wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Ilifuatiliwa na mradi wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970, kisha na kampuni kadhaa za kigeni bila mgodi kuanzishwa. Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ina hisa 16%, na mpango wa kusafisha madini Kahama badala ya kuyasafirisha ghafi. Hadi kufikia mwaka 2025 uzalishaji ulikuwa haujaanza. Betri nyingi za sola, kwa upande mwingine, ni za lithi na fosfeti ya chuma, ambazo hazina nikeli.

Betri ya kifyonzavumbi hupunguza uwezo wake kidogo kidogo na hubaki na takriban 80% baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Hudumu zaidi isipoachwa juani, isipohifadhiwa ikiwa imeisha kabisa, na isipochajiwa ikiwa bado ya moto. Iliyovimba au kupasuka haichajiwi tena. Haipaswi kutupwa kwenye shimo la taka la nyumbani, ambako taka huchomwa moto: seli za lithi zikipata joto hulipuka na kutoa gesi yenye sumu, na watoto ndio huwa karibu na shimo hilo. Hadi itakapopatikana njia ya kuipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme, huzibwa vituo vyake kwa utepe wa plastiki na kuwekwa mahali pakavu, mbali na jiko.