Maji ya Koo na Maji ya Pua

Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila maumivu ya kichwa. Aliyeumwa upande mmoja wa uso alisema ana kipanda uso. Aliyezibwa na makamasi alisema ana mafua, hata kama mafua hayo yalikwisha kutimiza miezi sita. Siku hizi tunalo neno jingine, sainasi, na tunalitumia kwa maana mbili: vile vishimo vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, na maradhi yanayovipata. Mimi ni mmoja wa wanaoyajua maradhi hayo kwa kuyaishi. Nimejifukiza nyungu ya majani ya mkaratusi, nimemeza vidonge, na hatimaye nimekaa na birika la maji ya chumvi mbele ya beseni, kama wafanyavyo watu wengi duniani. Nilipofuatilia historia ya tiba hiyo nyepesi niliona kwamba sisi tunaoitumia huuliza sana habari za chumvi na za chombo, lakini habari yenyewe hasa ni ya maji.

Kwanza tuelewe pua inavyofanya kazi. Vishimo hivyo ni jozi nne, na vyote hufunguka ndani ya pua. Vilivyo vikubwa kuliko vyote viko mashavuni, na ajabu yake ni kwamba mlango wa kila kimoja uko juu, karibu na dari, wala hauko sakafuni. Kwa hiyo aliyesimama wima hawezi kutegemea uchafu umwagike wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma ute polepole hadi mlangoni, kisha nyuma ya pua na kooni. Ute ukiwa mzito, au mlango ukivimba, kazi husimama na uso huanza kuuma. Maji ya chumvi hulainisha ute huo na kuuchukua pamoja na vumbi lililonasa humo.

Mara nyingi husemwa kwamba Wahindi wameosha pua kwa maji ya chumvi na kibuli kwa maelfu ya miaka. Maneno hayo yanahitaji kupimwa. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa na Svatmarama katika karne ya 15, kinaitaja neti kuwa mojawapo ya njia sita za kuusafisha mwili, lakini neti ya kitabu hicho ni ya uzi: unaingizwa puani na kutolewa mdomoni. Kuvuta maji kwa pua na kuyatoa kwa mdomo kunaelezwa katika Gheranda Samhita, kitabu cha karibu mwaka 1700, tena chini ya jina jingine. Si kwamba Wahindi hawakuwa na elimu hiyo, walikuwa nayo. Ila desturi hii ilikua hatua kwa hatua, kama desturi nyingine zote.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki hatukungoja kibuli cha India. Tangu Uislamu ulipofika huku, pua zimeoshwa kila siku. Atawadhaye husukutua, kisha hupandisha maji puani na kuyapenga. Hutakiwa kuyapandisha vizuri, isipokuwa anapofunga, asije akayameza. Maji hayo hayatiwi chumvi, na nia yake ni ibada, si tiba. Hata hivyo mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hashangai akiambiwa kwamba pua nayo huoshwa.

Chumvi iliingia katika elimu ya tiba kwa njia nyingine. Mwaka 1882 daktari Mwingereza Sydney Ringer alikuwa akichunguza moyo wa chura jijini London. Alidhani kwamba maji yenye chumvi ya kawaida yanatosha kuufanya moyo uendelee kupiga nje ya mwili. Baadaye ikagundulika kwamba dawa hiyo haikutengenezwa kwa maji yaliyokenekwa, bali kwa maji ya bomba, nayo maji ya bomba yalikuwa na chokaa ndani yake. Ringer alipotumia maji yaliyokenekwa, moyo ulidhoofika upesi. Mwaka 1883 alichapisha masahihisho yake, na ugunduzi mkubwa ukatokana na jambo ambalo hakuna aliyelijali, yaani maji yametoka wapi. Katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19, Mholanzi Hartog Hamburger alionyesha kwamba maji yenye chumvi karibu gramu 9 kwa lita yanalingana nguvu na damu ya binadamu. Ndiyo sababu maji matupu huchoma pua, na maji yenye kipimo hicho hayachomi.

Je, tiba yenyewe inafaa? Mwaka 2002 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yao kwa watu 76 wenye maradhi ya sainasi. Waliosha pua kila siku kwa maji ya chumvi ya asilimia 2, kwa miezi sita, na waliofanya hivyo walipata nafuu na kupunguza dawa. Haiponyi kila mtu, lakini ni msaada wa kweli. Mwaka 2007 kibuli hicho kilionyeshwa katika kipindi cha televisheni cha Oprah Winfrey, na Wamarekani wengi wakakikimbilia madukani.

Miaka minne baadaye, mwaka 2011, watu wawili katika jimbo la Louisiana walifariki dunia baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Aliyewaua ni amiba aitwaye Naegleria fowleri, aliyetambuliwa nchini Australia katika miaka ya 1960. Huishi katika maji baridi yasiyo ya bahari, na hupenda joto. Akinywewa hana madhara, kwa kuwa tumbo humshinda. Lakini akipandishwa juu ya pua huufuata mshipa wa kunusia hadi kwenye ubongo, na ni wachache mno waliopona. Jijini Karachi, Pakistan, vifo vya namna hiyo vimeonekana tangu mwaka 2008, na wengi wa waliofariki hawakuwa wameogelea popote; madaktari wakaanza kuyatazama maji ya kutawadhia. Ibada haikuwa na kosa. Lililopungua ni dawa ya klorini katika maji.

Ugonjwa huu ni nadra sana, wala siuandiki ili kumtisha mtu. Nauandika kwa sababu sisi tumezoea kupima maji kwa koo. Tukisema maji haya ni safi, maana yake yananyweka. Lakini pua haina tumbo la kuilinda, na tangi lililo juu ya paa, likipigwa na jua kutwa nzima, hulea vijidudu ambavyo bomba la mjini halikuvileta. Nayo chumvi tunayotia ni kidogo. Haiwezi kuwa dawa ya kuviua.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuosha pua, chemsha maji yatokote kwa dakika moja kamili; ukiwa sehemu za juu kama Limuru, dakika tatu. Yafunike mpaka yawe vuguvugu. Kwa lita moja tia chumvi safi kijiko cha chai kimoja na nusu. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, na uyaache maji yaingie tundu moja na kutokea la pili. Osha chombo na ukikaushe. Ukiona homa kali, uvimbe kuzunguka jicho, au kichwa kisichostahimilika, acha birika uende hospitali.

Kazi ya kuchemsha ni ndogo, na ndiyo maana huachwa kwanza mtu anapochoka au mkaa unapopanda bei. Tusiiache. Watu wa Louisiana walikuwa na chombo kizuri. Walichokosa ni moto chini ya sufuria.