Mila za Wachimbaji Dhahabu wa California

Sheria haizaliwi bungeni tu. Mara nyingi huanza katika mila za watu wafanyao kazi pamoja, na serikali huja baadaye kuitia muhuri. Tuchukue mfano wa wachimbaji dhahabu wa California.

Tarehe 24 Januari, 1848, James Marshall aliona chembe za dhahabu katika mfereji wa kinu cha kupasulia mbao huko Coloma. Siku tisa baadaye Meksiko, iliyokuwa imeshindwa vitani, ilitia sahihi mkataba wa kuiachia Marekani nchi hiyo. Maelfu ya watu wakamiminika, nayo serikali ya Marekani haikuwa na sheria ya kueleza nani achimbe wapi.

Basi wachimbaji wakakutana, bonde kwa bonde, wakaunda wilaya zao za uchimbaji. Kila wilaya iliweka mipaka, ikapima ukubwa wa kiwanja cha mtu mmoja, na ikachagua karani wa kuviandika viwanja hivyo daftarini. Kanuni kuu ilikuwa kwamba kiwanja ni cha yule anayekifanyia kazi; aliyekitelekeza kupita muda uliowekwa alikipoteza. Ugomvi uliamuliwa na wachimbaji wenzao. Kwa njia hiyo mnyonge mwenye sururu na karai aliweza kujikinga na tajiri aliyetaka kuhodhi bonde zima.

Mila hizo zilishika mizizi. Mwaka 1851 Bunge la California liliagiza mahakama zizifuate katika kesi za migodi. Mwaka 1866 Bunge la Marekani nalo lilizitambua, na sheria ya mwaka 1872 iliyojengwa juu yake ingali inatumika.

Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: haki hizo zilikuwa za nani? Wilaya kadhaa ziliwakataza Wameksiko na Wachina kumiliki viwanja. Mwaka 1850 wachimbaji wa kigeni walitozwa kodi ya dola 20 kwa mwezi. Na wenyeji wa asili, ambao mabonde yale yalikuwa yao, hawakuitwa mkutanoni kabisa. Walifukuzwa na kuuawa, hata idadi yao ikashuka kutoka watu wapatao 150,000 hadi kama 30,000 ifikapo mwaka 1870.

Hivyo tunapoisoma historia ya sheria yoyote, tusitosheke kujua kilichoamuliwa kikaoni. Tuulize pia nani aliachwa nje ya mlango.