Mteja wa Mnafiki: Orgon katika Tartuffe ya Molière

Tartuffe, mhusika aliyeipa jina tamthilia ya Molière, haingii jukwaani mpaka tendo la tatu. Matendo mawili mazima, kati ya matano, yanapita watu wakimjadili, wakimsifu, wakimlaani na kugombana kwa ajili yake, naye hajatia mguu. Hata akishaingia, hapewi nafasi ya kubaki peke yake na kutufungulia moyo wake, kama walivyozoea kufanya wabaya wengi wa jukwaani. Kwa mtunzi aliyekusudia kuichambua nafsi ya mnafiki huu ungekuwa mpango wa ajabu. Hoja yangu ni kwamba Molière alikusudia jambo jingine. Aliyemweka mezani na kumpasua ni mteja wa mnafiki: Orgon, tajiri wa Paris mwenye mke, watoto na mali, aliyekutana na Tartuffe kanisani, akavutiwa na pumzi na magoti yake, akamleta nyumbani. Unafiki wa dini katika tamthilia hii ni bidhaa iliyopata soko, na kicheko kinamwelemea zaidi mnunuzi. Ugawaji wa nafasi unaelekea hukohuko. Du Croisy ndiye aliyepewa kumwigiza Tartuffe. Molière mwenyewe, mchekeshaji mkuu wa kundi lake, alijichagulia Orgon.

Orgon ananunua nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba ni mjinga, amelishwa maneno akayameza. Lakini tunaambiwa mapema kwamba wakati wa machafuko ya nchi alikuwa mtu wa busara aliyemtumikia mfalme kwa ushujaa. Ujinga wake basi una mahali pake maalumu na manufaa yake. Katika tendo la kwanza anarudi kutoka shamba na kumwuliza mtumishi, Dorine, habari za nyumbani. Dorine anamweleza kwamba bibi wa nyumba alishikwa na homa na kichwa kikamwuma vibaya. Orgon anauliza habari za Tartuffe. Tartuffe mzima, kanenepa, midomo inang'aa, Orgon anamsikitikia. Bibi hakuweza kuonja chakula, na Tartuffe? Alikula kware wawili na nusu ya paja la kondoo. Orgon anamsikitikia tena. Mara nne swali lilelile, mara nne huruma ileile, inayopita mbali kabisa na mgonjwa. Onyesho hili huchekesha kila linapoigizwa, ila ndani yake mna ukatili ambao Orgon mwenyewe anautamka muda mfupi baadaye bila haya: mwalimu wake amemfundisha kuachana na mapenzi ya dunia, kiasi kwamba ndugu, watoto, mama na mke wangekufa mbele yake asishtuke.

Hapo ndipo bei na bidhaa zinapoonekana. Ucha Mungu wa kuazima unampa mwenye nyumba mamlaka yasiyohojiwa. Baba wa kawaida akitaka kumwoza binti kwa mtu asiyempenda, itambidi angalau atoe sababu. Orgon hahitaji. Mariane anapopiga magoti katika tendo la nne, akimsihi baba afadhali ampeleke katika nyumba ya watawa kuliko kumwoza Tartuffe, Orgon anahisi moyo unalegea, naye anajiamuru kuwa imara na kuushinda udhaifu wa kibinadamu. Kisha anamwambia binti kwamba kadiri anavyomchukia mume huyo ndivyo thawabu itakavyokuwa kubwa, kwa hiyo ndoa na imtumikie kama mfungo wa kuutesa mwili. Angalia vizuri: huruma ilikuja, ikabisha hodi, ikafukuzwa kwa msamiati wa dini. Tartuffe hayupo katika dakika hiyo na hana neno alilochangia. Orgon amejifunza kazi na anaifanya mwenyewe. Vivyo hivyo kwa mwanawe Damis, anayefukuzwa na kunyimwa urithi kwa kosa la kusema kweli, huku hati ya hiba ikiandikwa kumpa mgeni mali yote.

Kisa cha Damis kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndicho ushahidi mzito kuliko wote. Kijana amemsikia Tartuffe akimtongoza mama yake wa kambo, Elmire, na anamshtaki papo hapo. Mnafiki wa kawaida angekana. Tartuffe anakiri. Anasema yeye ni mwovu, mwenye hatia, maisha yake yamejaa uchafu, na kwamba hata akishtakiwa kwa lolote anastahili. Kila neno ni kweli, na kila neno linamsafisha. Ukweli umesemwa waziwazi mbele ya hakimu wa nyumba, naye anausikia kama unyenyekevu wa mtakatifu na kumgeukia mwanawe kwa matusi. Hapa hakuna udanganyifu kwa maana ya kuficha jambo. Aliyedanganywa ameshikilia kufumba macho. Na anapolazimika kuyafumbua, akiwa amejificha chini ya meza huku Elmire akijifanya kulegea ili mtu huyo ajifichue, Orgon hatoki. Mke anakohoa, anatoa ishara, anasogezwa hadi ukingoni, na mume amekaa palepale. Anatoka tu baada ya Tartuffe kusema kwamba mwenye nyumba ni mtu wa kuburutwa kwa pua, aliyezoeshwa kuona yote na kutoamini lolote. Heshima ya mke haikutosha kumtoa mvunguni. Yake mwenyewe ilitosha.

Pingamizi la kwanza lilitolewa na mwandishi mwenye jicho kali, La Bruyère. Katika kitabu chake Les Caractères alimchora mnafiki wa namna nyingine, Onuphre, kana kwamba anamsahihisha Molière: mnafiki wa kweli, alidai, hasemi hadharani habari za shati lake la singa na mjeledi wake wa toba, kwa maana atajulikana mara moja kuwa mnafiki, anafanya watu waamini kwamba anavyo bila kuvitaja. Tena hamtongozi mke wa mfadhili wake. Kama somo la saikolojia ya mnafiki, La Bruyère ana haki, na Tartuffe anayeingia akimwamuru mtumishi wake Laurent kwa sauti kubwa afungie shati la singa na mjeledi ni mwongo asiye na ustadi. Lakini pingamizi hili linaisaidia hoja yangu. Uongo unaomnasa hakimu mwerevu hupima ustadi wa mwongo. Uongo wa kipuuzi unaomnasa mtu mwenye akili zake hupima haja ya mtu huyo. Dorine, mtumishi asiyesoma, ameshamtambua Tartuffe siku nyingi. Elmire, Damis na Cléante, shemeji yake Orgon, wamemtambua. Wasiomtambua ni wawili, Orgon na mama yake, Bi. Pernelle, na hao ndio wanaopata kwake haki ya kuwakemea wengine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lilitoka kanisani. Bourdaloue, mhubiri Mjesuiti, alieleza kwamba ucha Mungu wa kweli na wa uongo una matendo yaleyale ya nje, sala zilezile, macho yaleyale yaliyoinamishwa; anayemkebehi wa uongo anamtia doa wa kweli pia, kwa sababu mtazamaji hana namna ya kuwatofautisha. Historia ya marufuku inaonyesha hofu hiyo ilivyokuwa na nguvu. Tamthilia ilionyeshwa Versailles tarehe 12 Mei 1664, ikiwa na matendo matatu, na Louis XIV, ingawa haikumchukiza, akazuia isionyeshwe kwa umma. Paroko Pierre Roullé aliandika kwamba mtunzi ni shetani aliyevaa mwili na anastahili moto. Wanachama wa Compagnie du Saint-Sacrement, chama cha siri cha wacha Mungu wenye vyeo, walikuwa wameshajadili jinsi ya kuizuia hata kabla haijaonyeshwa. Mwaka 1667 Molière alijaribu tena: akambadilisha jina mhusika kuwa Panulphe, akamvua mavazi yanayonukia kanisa, akamvika kofia ndogo, nywele ndefu, upanga na lesi. Onyesho la tarehe 5 Agosti lilifuatiwa na amri ya kulifunga kutoka kwa Lamoignon, rais wa mahakama kuu ya Paris, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Péréfixe akatishia kuwatenga na Kanisa watakaoigiza, kusoma au hata kusikiliza tamthilia hiyo. Ruhusa ilipatikana tarehe 5 Februari 1669.

Upanga na lesi havikumwokoa Panulphe. Kama joho lingekuwa ndilo kosa, kulivua kungetosha, au kungepunguza hasira. Kilichobaki katika matoleo yote ni nyumba iliyomkabidhi mgeni uongozi wa dhamiri, na baba anayeutumia uongozi huo. Viongozi wa roho waliojaa katika familia tajiri za wakati ule, wengine wakiwa walei, walikuwa sehemu ya mpango mzima wa kuongoza maadili ya mji, na mpango huo ndio ulioguswa. Hivyo Bourdaloue amekosea mahali pa mtihani. Ni kweli kwamba magoti mawili hufanana. Yanayotofautiana ni mambo ambayo magoti hayo yanahalalisha, na hayo Dorine aliyaona bila shahada ya theolojia. Lazima nikubali, hata hivyo, kwamba tamthilia haituletei jukwaani mcha Mungu wa kweli hata mmoja. Cléante anawataja kadhaa kwa majina, majina yanapita, hayarudi tena, na hotuba zake ndefu za wastani na busara hazimbadilishi mtu. Upungufu huo upo, na mtetezi yeyote wa Molière anayemtegemea Cléante amekamata tawi bovu.

Limebaki suala la mwisho wa mchezo, ambao wengi wameuona kuwa kilemba cha ukoka kwa mfalme. Tartuffe, hiba mkononi, anamtuma dalali wa mahakama kuifukuza familia. Sheria iko upande wake. Ameshampelekea mfalme kasha la nyaraka za siri alizoaminishwa Orgon na rafiki mkimbizi, na sasa, bila hata kubadili sauti, anazungumza habari za wajibu kwa mfalme pale alipokuwa akizungumza habari za mbingu. Kisha afisa anamkamata yeye, hiba inafutwa, Orgon anasamehewa. Sifa kwa Louis ni nyingi mno, sikatai, na mtunzi aliyemhitaji Louis kwa miaka mitano hakuwa na sababu ya kuzipunguza. Lakini tumtazame Orgon. Unafiki ulipofichuka aliapa kuwachukia watu wema wote, na Cléante akamkaripia kwa kuruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Tartuffe akishakamatwa, Orgon anaanza kumtukana na inabidi azuiwe. Kisha anatangaza kwamba wote waende wakaanguke miguuni pa mfalme, mtu yuleyule aliyepiga magoti mbele ya Tartuffe katika tendo la tatu. Na Valère, aliyekuja na gari la farasi na louis 1,000 kumsaidia baba mkwe mtarajiwa atoroke, anapewa Mariane kama malipo ya uaminifu wake. Mwenye kutoa ni Orgon, na safari hii pia Mariane haulizwi.