Lafudhi Mbele ya Hakimu: Historia ya Kusahihisha Matamshi ya Kiingereza kutoka Kabete hadi Loresho

1. Utangulizi

Mjadala wa lugha katika fasihi ya Afrika Mashariki umejikita mno katika swali la lugha ipi mwandishi aitumie. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o achapishe Decolonising the Mind mwaka 1986, swali hilo limezaa makongamano na tasnifu nyingi. Jambo lililo jirani nalo limeachwa pembeni, nalo ni sauti ya msemaji. Mkenya aliyekwisha kukikubali Kiingereza, akakisoma na kukifaulu, bado hukabiliwa na hukumu ya pili: hukumu ya lafudhi. Ndiyo maana mafunzo ya kusahihisha au "kupunguza" lafudhi yamepata wateja jijini Nairobi: wanaotafuta kazi, wanaojiandaa kwenda ng'ambo, na wazazi wa vitongoji vya magharibi kama Loresho ambao hawapendi mtoto ajulikane asili yake pindi afunguapo kinywa.

Makala haya yanafuatilia historia ya hukumu hiyo. Hoja yake ni kwamba katika kila kipindi mafunzo ya matamshi yamenadiwa kwa jina la uwazi, ilhali kilichopimwa hasa ni ufanano: msemaji anafanana na nani, na anajitenga na nani. Hakimu amebadilika mara kadhaa. Kesi ni ile ile.

2. Shule tatu za ukanda mmoja

Loresho imo katika ukanda ambao historia hii inaweza kusomwa kama ramani. Mtu atokaye Westlands kuelekea Kikuyu kwa barabara ambayo leo huitwa Waiyaki Way hupita kwanza Nairobi School. Kisha huiacha Loresho upande mmoja na Kangemi upande wa pili. Na afikapo Kikuyu huikuta Alliance High School. Nyuma ya Loresho, Kabete ya Chini, kuna taasisi iliyoanza kwa jina la Jeanes School. Katika umbali usiofika kilomita 20 serikali ya kikoloni na wamishenari walipanga aina tatu za elimu, na kwa hiyo madaraja matatu ya Kiingereza.

Nairobi School iliitwa Prince of Wales School ilipohamia majengo yake ya sasa mwaka 1931. Ilikuwa shule ya wavulana wa Kizungu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Humo Kiingereza kilikuwa, kwa wengi, lugha ya nyumbani.

Jeanes School ilianzishwa mwaka 1925, baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, kwa kufuata mfano wa shule za Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini. Iliwaandaa walimu wa kusimamia shule za vijijini, na mkazo wake ulikuwa kilimo, usafi na kazi za mikono. Mwafrika wa Kabete hakutakiwa aseme kama Mwingereza. Alitakiwa arudi kijijini.

Alliance ilifunguliwa mwaka 1926 ili kutoa elimu ya juu zaidi kwa wavulana Waafrika wachache. Chini ya uongozi wa Carey Francis, mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, tamthilia za Shakespeare ziliigizwa shuleni hapo, na katika miaka ya 1950, Ngũgĩ alipokuwa mwanafunzi, zilikwisha kuwa desturi. Mwanafunzi aliyekariri nafasi ya mfalme wa Kiingereza alifundishwa fasihi, na papo hapo alizoezwa pumzi, mkazo na kiimbo cha watu wengine.

Ni sadfa yenye maana kwamba mwaka huo huo wa 1926 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliunda kamati ya kuwashauri watangazaji wake kuhusu matamshi. Daniel Jones alikwisha kuchapisha kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, nayo ilieleza usemi wa tabaka dogo lililosoma katika shule za bweni za kusini mwa Uingereza. Wengi wa Waingereza wenyewe hawakusema hivyo. Kielelezo kilichowekwa mbele ya Mwafrika, basi, hakikuwa lafudhi ya Waingereza kwa ujumla. Kilikuwa lafudhi ya watawala wa Waingereza.

Upande wa pili wa mizani ni Kisetla, yaani Kiswahili cha walowezi: hakina upatanisho wa kisarufi, na irabu zake ni za Kiingereza. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi, Up-Country Swahili, ambacho anwani yake inawataja askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mafunzo hayo yalilenga mawasiliano ya kutosheleza kazi, basi. Mlowezi aliyesema Kiswahili kwa lafudhi nzito hakuhesabiwa kuwa na kasoro ya ulimi. Mzigo wa kuelewa ulikuwa wa mpishi na mtunza bustani. Tofauti hii ndiyo ushahidi mkubwa wa kihistoria katika suala hili. Pale mwenye nguvu anapokuwa msemaji, uelewano ni kazi ya msikilizaji. Pale mnyonge anapokuwa msemaji, ni kazi ya msemaji.

3. Hakimu ahamia Nairobi

Mwaka 1957 kituo maalumu cha elimu kilianzishwa jijini Nairobi kusimamia mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Majaribio yalianza na watoto wa Kiasia, kisha yakaenezwa kwa Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaidhinisha Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu mwanzo wa elimu ya msingi. Jeanes School nayo ilikwisha kugeuka, mwaka 1961, kuwa Kenya Institute of Administration, mahali pa kuwaandaa Waafrika washike nafasi za maofisa wa kikoloni. Uwanja ule ule uliomwandaa mwalimu wa kijijini sasa ulimwandaa ofisa wa serikali. Mwaka 2012 ukawa Kenya School of Government.

Walimu Waingereza walipopungua, Kiingereza kilifundishwa na Wakenya kwa Wakenya. Kielelezo cha London kilibaki vitabuni, kikafifia masikioni. Katika mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4, sehemu ya stadi za mazungumzo imekuwa ikijibiwa kwa kalamu: mtahiniwa huandika neno linalotamkwa sawa na lingine, au hupiga mstari chini ya silabi yenye mkazo. Matamshi yakawa elimu ya karatasi, na hukumu ya masikio ikaachiwa jamii.

Jamii iliipokea kazi hiyo kwa bidii. Msamiati wa vijana wa Nairobi una maneno mawili yanayoeleza mengi. Anayetamka Kiingereza au Kiswahili kwa athari ya lugha ya mama husemwa "anashrabu". Anayeigiza lafudhi ya Uingereza au Marekani, sauti ikipitia puani, husemwa "anatweng'i". Wote wawili huchekwa. Kati yao umebaki ujia mwembamba, nao ni usemi wa tabaka la kati la Nairobi, lafudhi ambayo haifichui kabila wala haijidai kuwa ya Mzungu. Hapa ndipo mzazi wa Loresho anapoelekeza ada yake. Hamnunulii mtoto London. Anamnunulia umbali kutoka kijijini na, kwa ukaribu zaidi, kutoka Kangemi iliyo ng'ambo ya barabara.

4. Lafudhi jukwaani

Fasihi na sanaa za maonyesho ziliitambua kesi hii mapema. Katika tamthilia ya George Bernard Shaw, Pygmalion, iliyoigizwa London mwaka 1914, muuza maua Eliza anafundishwa matamshi na bingwa wa fonetiki. Mhakiki wa Kiafrika atavutiwa zaidi na kikao cha chai: matamshi ya Eliza yamekwisha kunyooka, lakini habari anazosimulia bado ni za mtaani kwao. Wageni wanaduwaa kwa sababu sauti na maisha vimeachana. Mwishoni Eliza anajua kusema kama bibi mkubwa, na hana mahali pa kwenda.

Kenya ina mfano wa kinyume chake, nao haujapewa uzito unaostahili. Katika vichekesho vya televisheni vya Vitimbi, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana kwa jina la Mzee Ojwang'. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mhusika wake alikuwa Mjaluo aliyesema Kiswahili kwa lafudhi nzito ya Kijaluo. Kwa miaka mingi watazamaji wengi walimdhania kuwa Mjaluo kwa kuzaliwa. Huyu alijifunza lafudhi ambayo wengine hulipa ada waiondoe, akaifanya ufundi. Kicheko alichozua kina sura mbili. Kiliithibitisha dhana kwamba lafudhi ya kikabila ni kichekesho. Hata hivyo kiliiweka lafudhi hiyo katika kila sebule, ikapendwa. Zaidi ya yote, Wanjau alithibitisha kwamba lafudhi ni vazi linaloweza kuvaliwa, wala haimo katika damu.

5. Uelewekaji na ufanano

Ingekuwa kosa kudai kwamba matamshi hayana uzito wowote. Kikuyu hakina fonimu /l/, na msemaji anayechanganya /l/ na /r/ anaweza kuivuruga maana: katika Kiswahili "kula" na "kura" ni mambo mawili, japo wanasiasa huyakaribisha sana. Katika lugha za Kikalenjin ughuna wa vipasuo hautofautishi maana, na hivyo /p/ na /b/ za Kiingereza huleta taabu. Lakini Mjaluo asemaye /s/ mahali pa "sh", kwa kuwa Kijaluo hakina sauti hiyo, hueleweka karibu kila mara kwa muktadha. Na Mswahili wa pwani anazo tayari sauti za "thelathini" na "dhahabu", ambazo Wazungu wengi wa bara huzishindwa wakisema Kiingereza. Hakuna anayemsifu kwa hilo.

Utafiti wa isimu unaunga mkono utengano huu. Munro na Derwing (1995) walionyesha kwamba msemaji anaweza kusikika kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka kikamilifu. Rubin (1992) aliwasikilizisha wanafunzi wa Marekani kanda ya sauti ile ile. Walioonyeshwa picha ya mwanamke wa Kiasia walielewa kidogo kuliko walioonyeshwa picha ya Mzungu. Sehemu ya lafudhi, kwa hiyo, husikika kwa macho.

Gharama ya kuchanganya mambo haya si ndogo. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waajiriwe Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Mtihani huo, IELTS, hupima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza; katika kuzungumza, matamshi ni kigezo kimoja kati ya vinne, na hata alama ya juu kabisa haimtaki mtahiniwa aseme kama mzaliwa wa Uingereza. Muuguzi anayetumia akiba yake kuifuta lafudhi ya kwao huenda akawa analipia dawa ya ugonjwa ambao mtihani wenyewe haumtuhumu nao.

6. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inawahusu pia walimu wa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya mji ule ule uliowapokea wajumbe, kikawa lahaja. Tangu hapo madarasa ya Kiswahili ya bara yamekuwa na hakimu wao, na mwanafunzi anayeshrabu huchekwa humo kama achekwavyo katika somo la Kiingereza. Idara zinazoilaani kasumba ya Kiingereza zina wajibu wa kutazama mizani zinayotumia zenyewe.

Anayetaka kusema Kiingereza kwa uwazi zaidi ana haki ya kufundishwa, na mwalimu mwema atamwonyesha sauti chache ambazo kweli humpotezea msikilizaji maana. Yaliyosalia ni asili yake inayosikika. Fasihi ya Kiswahili, yenye utajiri wa lahaja kutoka Lamu hadi Ngazija, ina ushahidi wa kutosha kwamba asili inayosikika haijawahi kuizuia kazi njema isieleweke.