David Munrow, kijana aliyerudisha sauti za miaka ya 1500

Wafalme na matajiri wa Ulaya wa miaka ya 1500 walipigiwa muziki kwa vyombo ambavyo watu wengi wa leo hawajawahi kuviona. Kimoja ni kramhoni: bomba la mti lililopindwa kama mpini wa mwavuli, na ulimi wake wa tete umefichwa ndani ya kofia, hivyo midomo ya mpigaji haiugusi. Inavuma kama nyuki ndani ya mtungi, na noti zake ni tisa hivi, basi. Katika karne ya 17 ilianza kuachwa. Wapigaji walipokufa, hakubaki wa kufundisha.

Karatasi za muziki zilibaki. Zilibaki pia michoro yenye vipimo aliyoichapisha Mjerumani Michael Praetorius mwaka 1620, na vyombo vichache katika makumbusho ya Brussels na Vienna. Lakini mchoro hauonyeshi namna ya kusukuma pumzi.

Mwingereza David Munrow, aliyezaliwa Birmingham mwaka 1942, alipata sehemu ya jibu mbali na makumbusho. Kabla ya kuingia chuo kikuu alikwenda kufundisha Peru, akarudi na filimbi za wakaaji wa milima ya Andes. Huko Cambridge akaona kramhoni imetundikwa ukutani, na mwalimu Thurston Dart akamtia moyo ajifunze kuipiga. Munrow alielewa kwamba chombo kilichokufa Ulaya kinaweza kuwa na ndugu aliye hai kwingine. Zumari za zamani za Ulaya, kwa mfano, ni ndugu wa zumari za Uturuki na za pwani ya Afrika Mashariki, ambazo wapigaji wake wapo.

Mwaka 1967 alianzisha kundi lake mjini London. Shida nyingine ikajitokeza: watunzi wa zamani mara nyingi hawakuandika ni chombo gani kipige nini. Anthony Holborne, alipochapisha ngoma zake mwaka 1599, aliruhusu vyombo vya nyuzi au vya kupuliza. Munrow alichanganya vingi, na baadhi ya wataalamu walilalamika kwamba anazidisha viungo mchuzini. Huenda walikuwa na haki. Lakini watu walijaa kumsikiliza, na kipindi chake cha watoto kwenye redio BBC, kilichoanza mwaka 1971, kilipita mara zaidi ya 600.

Alifariki Mei 1976 akiwa na miaka 33. Mwaka uliofuata Marekani ilirusha angani vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia. Ngoma moja ya Holborne imo, ya dakika moja na sekunde chache, ikipigwa na Munrow na kundi lake. Katika santuri hiyo hiyo umo wimbo wa wasichana Wambuti, kutoka msitu wa Ituri.